Jumatatu Alikuwa Mzima: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa mwenye fibromialjia na uchovu sugu

Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya mwenyewe, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake na ndivyo nilivyozoea kumwita. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa wiki tano nilimpa mazoezi yaliyomzidishia ugonjwa huku nikiamini namsaidia. Naeleza yote bila kuficha, kwa sababu kosa lenyewe halikutokana na uzembe. Nilifuata ushauri ulio sahihi kwa ugonjwa mmoja, nikampa mtu mwenye magonjwa mawili. Najua wako wenzangu wanaofanya hivyo leo, na wako wagonjwa wanaosingiziwa uvivu kwa sababu hiyo hiyo.

Alivyofika

Alikuwa na miaka 37. Miezi 14 kabla ya kuletwa kwangu alishikwa na homa. Nyumba nzima iliugua, na wote walipona ndani ya wiki moja. Yeye homa ilimwacha, nguvu hazikurudi. Aliporudi darasani wiki ya tatu alijikuta anaegemea ubao ili asianguke. Akadhani ni masalio ya homa, akajikaza. Kufikia mwezi wa tano yakaja maumivu: yalianza mabegani, yakashuka mgongoni, yakaingia nyonga na mapaja, hadi mshono wa nguo ukawa unamuumiza. Usingizi nao haukumfaa kitu. Analala saa 9 mfululizo, anaamka kama mtu aliyekesha.

Kilichomtisha zaidi ni akili. Siku moja alisimama mbele ya wanafunzi wake, chaki mkononi, sentensi ikiwa nusu ubaoni, asijue alikuwa anataka kuandika nini. Wanafunzi walingoja. Aliniambia ukimya ule ulimuuma kuliko mgongo.

Vipimo alifanyiwa vya kutosha: damu, tezi ya thairoidi, sukari, figo, ini, akiba ya madini ya chuma, viashiria vya uvimbe mwilini, baridi yabisi, lupasi, VVU, kifua kikuu. Vyote vilikuja safi. Hapo ndipo njia ya wagonjwa wengi wa aina hii huanza kuwa chungu, kwa sababu karatasi safi ya maabara husomwa kama ushahidi dhidi ya mgonjwa. Mmoja alimwambia apumzike, mwingine apunguze mawazo, wa tatu akamwandikia dawa za sonona kwa kipimo kamili, akaishia kupata kizunguzungu. Mwalimu mwenyewe alinieleza siku ya kwanza kabisa: "Sijakata tamaa, Daktari. Kila kitu nataka kukifanya. Ni mwili ndio haukubali."

Sentensi hiyo niliipita haraka, na haikupaswa kupitwa. Mwenye sonona kwa kawaida hupungukiwa hamu. Huyu hamu anayo tele, ila akiifuata mwili unamwadhibu. Ni kweli mtu aliyeugua muda mrefu bila kuaminiwa anaweza kuingia katika sonona pia, na akiingia atibiwe. Lakini hizo ni habari mbili tofauti.

Ugonjwa wa kwanza kupata jina

Daktari bingwa wa magonjwa ya viungo na tishu laini ndiye aliyempa jina la kwanza: fibromialjia, ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwilini. Alitumia vigezo vya Chuo cha Rumatolojia cha Marekani. Vile vya mwaka 1990 vilimtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aumie angalau katika 11. Kuanzia 2010 kubonyeza kukaachwa, na marekebisho ya 2016 yakathibitisha njia nyingine: mgonjwa ahesabiwe maeneo yanayouma kati ya 19, kisha apimwe uzito wa uchovu, usingizi usioburudisha, ukungu wa akili (kusahau na kushindwa kufikiri vizuri) na dalili nyingine, kwa alama hadi 12. Hali iwe imedumu miezi 3 au zaidi. Mwalimu alikuwa na maeneo 13 na alama 9. Hakukuwa na ubishi.

Jambo la thamani katika marekebisho hayo ya 2016, ambalo mimi nililisoma bila kulizingatia, ni kwamba fibromialjia hubaki kuwa fibromialjia hata kama mgonjwa ana ugonjwa mwingine pembeni. Maana yake ukiipata usisimamishe upelelezi. Sisi tulisimamisha. Jina lilipopatikana, kila dalili tuliitundika humo.

Mwalimu aliniuliza maumivu yanatoka wapi ikiwa misuli haina jeraha. Nilimweleza kwamba neva na ubongo wake zinapokea taarifa za kawaida, mguso, baridi, shinikizo la kiti, na kuzipaza hadi zinafika kama maumivu. Nilimweleza pia jaribio lililochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Uingereza na Sweden. Walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya wagonjwa wa fibromialjia wakawadunga panya, na panya wakaanza kuumia wakibonyezwa na wakiguswa na baridi, nguvu ya kushika ikawapungua. Kingamwili za watu wasio na ugonjwa huo hazikuwafanya hivyo. Nilitaka ajue kuwa kitu kilichoweza kuhama kwa sindano hakiwezi kuitwa mawazo yake. Aliinamisha kichwa akalia, na mdogo wake aliyemsindikiza akamshika bega kwa vidole viwili tu, kwa sababu mkono mzima ungemuumiza. Nilikiona kile kitendo. Yule binti alikuwa amejifunza mwili wa dada yake kuliko mimi.

Mpango wangu

Mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2017 kuhusu fibromialjia yaliyapa mazoezi nafasi ya juu kuliko tiba yoyote. Ndiyo tiba pekee iliyopewa pendekezo lenye nguvu. Kwa hiyo nilipanga kama nilivyofunzwa: kutembea dakika 10 kila Jumatatu chini ya uangalizi wangu, kuongeza dakika 2 kila wiki, na nyumbani atembee mara mbili tatu katikati ya wiki. Kila Jumatatu alifika akitembea, ananisalimu kwa uchangamfu, anafanya zoezi lake lote. Nikimuuliza ya nyumbani anasema, "Ilinishinda kidogo, nitajitahidi." Nikaandika kwenye faili: ushirikiano wa nyumbani hafifu.

Tulianza na 10, tukaenda 12, 14, 16, 18. Jumatatu ya sita hakuja. Alikuja mdogo wake peke yake, ameshika daftari la mistari lililokunjwa katikati.

"Shikamoo, Daktari. Samahani, sipendi kukuingilia kazi yako. Lakini dada tangu Jumatano hajatoka kitandani. Naomba usome hili kabla hujampangia kingine."

Ukurasa wa wiki ya nne ulisomeka hivi, na nimeunakili kama ulivyo:

Jumatatu: mazoezi dakika 16. Amerudi anacheka.
Jumanne: sawa. Amesahihisha madaftari.
Jumatano: hajaamka mpaka saa sita mchana. Koo linauma. Hataki taa.
Alhamisi: hajaoga. Kikombe kimemponyoka.
Ijumaa: hivyo hivyo.
Jumamosi: amekaa kitini kidogo.
Jumapili: afadhali.

Nikarudi nyuma wiki ya tatu, ya pili, ya kwanza. Umbo lilikuwa lile lile, ila kila wiki siku mbaya zilikuwa zinaongezeka. Mimi nilikuwa nimepanga miadi Jumatatu, siku pekee ambayo mwili wake ulikuwa umeshamaliza kulipa deni la wiki iliyopita. Nilikuwa namwona akiwa katika ubora wake, namtumia, namrudisha nyumbani, na ugonjwa unafika Jumatano nikiwa na wagonjwa wengine. Hata ile "hafifu" niliyoiandika kwenye faili ilikuwa ndiyo kinga yake: angetembea katikati ya wiki kama nilivyomwagiza, angezimika mapema zaidi.

Safari hii alilala siku 19.

Kuzimika

"Kuzimika" ni neno lake, na sijapata lililo bora. Anasema kama simu iliyokwisha chaji: hata ukibonyeza kwa nguvu gani, haiwaki. Kitaalamu ndiyo dalili kuu ya ugonjwa unaoitwa mialjiki ensefalomielitisi, au sindromu ya uchovu sugu. Kwa kifupi ME. Jina la kwanza lilizaliwa baada ya mlipuko uliowakumba wafanyakazi wa hospitali ya Royal Free, London, mwaka 1955. La pili lilitolewa Marekani mwaka 1988, na nathubutu kusema limewadhuru wagonjwa, kwa sababu kila mtu anajua uchovu na kila mtu anadhani anaujua huu.

Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka vigezo vinavyoeleweka. Mtu awe amepungukiwa sana na uwezo wake wa zamani kwa zaidi ya miezi 6, pamoja na uchovu mzito usiotokana na kazi nyingi na usioondoka kwa kupumzika. Azimike baada ya kujitumia. Usingizi usimburudishe. Halafu awe na moja kati ya mawili: ukungu wa akili, au hali kuwa mbaya akisimama. Mwalimu alitimiza yote tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kuzimika, na yeye hakulitaja kwa kuwa alidhani ni udhaifu wake.

Kinachotofautisha kuzimika na uchovu wa kawaida ni saa. Mtu asiyezoea mazoezi huchoka pale pale, kesho yake misuli inauma, siku inayofuata anaendelea. Katika ME pigo huja limechelewa, mara nyingi saa 12 hadi 48 baadaye, na huja na vitu ambavyo mazoezi hayapaswi kuvileta: koo kuuma, tezi kuvimba, macho kukataa mwanga, maneno kupotea. Kinachosababisha si lazima kiwe zoezi. Mazungumzo marefu, hesabu za mitihani, hata kicheko cha wageni wawili kinaweza kumlaza mtu.

Lipo jaribio la maabara linaloonyesha haya kwa namba. Mgonjwa huendesha baiskeli iliyofungwa huku anapimwa hewa anayovuta na kutoa, kisha anarudia kesho yake. Siku ya kwanza anaweza kuonekana kama mtu tu asiye na mazoezi. Siku ya pili asiye na mazoezi hurudia namba zake. Mwenye ME mara nyingi anashuka, anaishiwa kwenye kazi ndogo kuliko jana. Nimelitafakari sana jaribio hilo. Ukimpima mara moja humwoni. Mimi nilimpima mara moja, mara tano.

Na hata waandishi wa miongozo waliteleza hapa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2007 ulipendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa ME, na utafiti mkubwa uliochapishwa 2011 ukaitetea njia hiyo. Wagonjwa walipiga kelele miaka mingi kwamba inawaangusha. Mwaka 2021 NICE ilitoa mwongozo mpya na kuiondoa. Niliusoma ukurasa huo kwa mara ya kwanza usiku wa siku ile mdogo wake aliponiletea daftari. Ulikuwa umetoka zamani.

Dakika nane za kusimama

Alipoweza kukaa tena nilimfuata nyumbani. Nilimwomba alale dakika 10, nikapima: mapigo 72, presha 118 kwa 76. Akasimama, mgongo ukigusa ukuta, bila kusogea wala kuzungumza. Dakika ya 2 mapigo 99. Dakika ya 4, 104. Dakika ya 6, 108, presha 114 kwa 80. Miguu yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau kuanzia vifundoni kushuka. Dakika ya 8 akasema, "Daktari, naomba nikae," na nilimketisha kabla hajamaliza.

Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, na presha isishuke, kwa mtu mzima hiyo ni dalili kwamba mwili unashindwa kupandisha damu vizuri na moyo unafidia kwa kukimbia. Yake yalipanda kwa 36. Hesabu hii ndiyo iliyonifungua macho kuhusu bafuni. Wengi wa wagonjwa hawa hushauriwa wasizidishe mapigo 15 juu ya yale ya kupumzika. Kwake hiyo ni 87. Alikuwa anaupita mpaka huo kwa kusimama tu, kabla hajainua mkono. Kuoga kwa maji ya moto, amesimama, mikono juu kichwani: zoezi zito kuliko lolote nililompa, na alikuwa akilifanya kila asubuhi kabla ya kazi.

Daktari wake alithibitisha ME na tatizo hilo la kusimama, akaiacha fibromialjia mahali pake. Alimwongezea maji na chumvi baada ya kujiridhisha kuwa presha na figo zinaruhusu, akampa soksi za kubana, na amitriptilini kidogo sana wakati wa kulala kwa ajili ya maumivu na usingizi. Dawa kali za jamii ya morfini hakumpa, na alifanya vyema; katika fibromialjia hazisaidii na zinaleta madhara yake.

Kuishi chini ya dari

Swali lililobaki lilikuwa langu. Fibromialjia inataka mwili usogee. Ukilala tu maumivu yanakaza. ME inataka mwili usivuke mpaka wake. Nani anasikilizwa?

Nilifikia uamuzi huu, na bado nausimamia: ME ndiyo inayoweka dari, fibromialjia inapewa nafasi iliyobaki chini yake. Ukianza na fibromialjia unavunja dari. Kwa hiyo kutembea kulisimama kabisa. Badala yake alinyoosha viungo akiwa amelala, dakika 3, mara moja kwa siku, kitambaa cha joto mgongoni. Hakuna kuongeza kwa ratiba. Tuliongeza pale tu siku tatu kamili zilipopita bila dalili, na daftari likipinga tunarudi nyuma bila kujadili. Ilichukua miezi 4 kutoka dakika 3 hadi 7.

Kingine kilikuwa kukata kazi vipande. Kiti bafuni. Kusahihisha madaftari dakika 15 kwa kengele, kisha kulala gizani dakika 20 hata kama hajachoka. Hilo la "hata kama" lilimshinda kwa wiki nyingi. Mtu aliyezoea kupumzika baada ya kuchoka anaona aibu kulala akiwa na nguvu, ilhali hapo ndipo nguvu zinaokolewa. Kifaa cha mkononi cha kupima mapigo kilisaidia kwa sababu kilisema "acha" badala ya mume wake kusema.

Mume wake nilizungumza naye peke yake mara moja, akiwa hajui ashike lipi. Alikuwa mwema na alikuwa anamchosha. Kila alipomwona mkewe amechangamka alisema, "Leo umeamka vizuri, twende basi tukawaone wazee." Nilimwonyesha daftari, siku za uchangamfu na zilizofuata. Akalisoma kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa nambeba kumpeleka kitandani mimi mwenyewe?" Nilimjibu kwamba na mimi pia nilikuwa nimembeba. Walikubaliana jambo dogo: siku nzuri hupangiwa nusu ya kinachoonekana kuwezekana. Wazee wakaanza kuja wao, kwa nusu saa.

Shuleni ilikuwa ngumu zaidi. Mtu asiyeonekana mgonjwa akiomba kiti darasani huonekana anajidekeza. Barua ya daktari ilieleza kwa maneno ya wazi kwamba akisimama mapigo yanafika 108, na namba ile ilifanya kazi ambayo neno "uchovu" halikuweza kuifanya kwa miezi 14. Alipunguziwa vipindi hadi viwili kwa siku, siku nne, akiwa amekaa.

Alipo sasa

Miezi 13 imepita tangu daftari lile linifikie. Hajapona. Hadi sasa ME haina dawa ya kuiponya, na wapo wagonjwa, takriban robo moja, ambao hawatoki nyumbani au kitandani. Yeye alikuwa njiani kuelekea huko. Siku za kuzimika zilikuwa zinafika 12 hadi 15 kwa mwezi, sasa ni 3 au 4. Maumivu aliyoyapa 8 kati ya 10 siku ya kwanza, sasa anayapa 5. Ukungu wa akili umepungua kidogo mno, na ndio unaomsikitisha. Mara mbili amevunja dari kwa hiari yake, arusi ya ndugu na siku ya matokeo ya wanafunzi wake, akijua atalipa wiki nzima. Sikumkataza. Tulipanga jinsi ya kulipa.

Kwangu kimebadilika kitu kimoja kwenye fomu. Nilikuwa nauliza wagonjwa, "Ulijisikiaje baada ya zoezi?" Sasa nauliza, "Kesho kutwa yake ulikuwaje?" na simpangii mtu yeyote mwenye uchovu wa muda mrefu miadi ya siku ile ile kila wiki. Swali hilo limenikamatisha wengine kadhaa, watu waliougua UVIKO-19 nguvu zisirudi, na walioletwa kwangu wakiwa na maneno yale yale kwenye faili: wajitahidi.

Daftari sasa analiandika mwenyewe. Mwezi uliopita alijaribu kitu kipya, kufundisha nusu ya kipindi akiwa amesimama, soksi miguuni, kifaa mkononi, kiti nyuma yake. Alinitumia picha ya ukurasa:

Jumatatu: nimesimama dakika 12. Mapigo 86.
Jumanne: sawa.
Jumatano: sawa. Naogopa kuandika.
Alhamisi: sawa.